Wasifu usisubiri msiba

DAFTARI LA JUMAMOSI
Na Asha Kihiyo

Familia nyingi za Kitanzania hufanya utafiti wa nasaba usiku wa kuamkia maziko. Wanaume wameketi chini ya turubai, kina mama wako ndani na jikoni, na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri amepewa kazi ya kuandaa wasifu wa marehemu. Anauliza mwaka wa kuzaliwa. Baba mdogo anasema 1938. Shangazi anakataa: marehemu alikuwa mkubwa kwake, na yeye mwenyewe ni wa 1937. Kitambulisho cha Taifa kinasema tarehe 1 Julai 1941. Kijana anatazama saa, maana steshenari iko karibu kufungwa, na anaandika 1941. Kesho yake mchana wasifu unasomwa kwa kipaza sauti: ameacha watoto saba, wajukuu ishirini na tatu na vitukuu wanne. Nyuma ya turubai mtu ananong'ona kwamba watoto ni tisa.

Kwa wengi wetu hiyo ndiyo historia yote ya ukoo iliyoandikwa: ukurasa mmoja, ulioandaliwa kwa haraka na mtu asiyejua, kuhusu mtu aliyekuwa na majibu yote na ambaye hakuulizwa.

Hoja yangu wiki hii ni fupi. Anayetaka kuijua nasaba yake asianze na intaneti, wala na kipimo cha vinasaba, wala na Nyaraka za Taifa. Aanze na wazee walio hai, na miongoni mwao aanze na wanawake. Mengine yote yanaweza kungoja hata miaka kumi. Shangazi hawezi kungoja.

Nasema hivi kwa sababu miongozo mingi ya kutafuta nasaba iliyojaa mitandaoni imeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Uingereza, makanisa yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538, na sensa ya 1841 iliwaandika watu kwa majina, nyumba kwa nyumba. Mjukuu wa mchimba makaa wa huko anaweza kukaa sebuleni na kuwapata mababu zake wa karne tatu bila kumsumbua mtu. Sisi serikali ilituandika ilipotuhitaji. Iliandika vibanda, tangu Wajerumani walipoanzisha kodi ya kibanda mwaka 1897. Iliandika vibarua. Iliandika wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, lakini wengi wao kwa hesabu tu. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao, na wengi wao hawana kaburi lenye jina popote duniani. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kama babu wa babu yako alibeba mizigo ya vita ile, usitegemee kumkuta kwenye karatasi. Ukimpata, utampata kwenye kinywa cha mtu.

Sasa tuanze kazi. Nunua kaunta buku. Simu itakusaidia kurekodi sauti na kupiga picha, lakini simu huibiwa na huanguka majini. Mpe kila mtu ukurasa wake, ukianza na wewe mwenyewe, kisha wazazi wako, kisha wazazi wao wote wanne. Andika majina yote: la nyumbani, la ubatizo au la chuoni, la utani, na lile aliloitwa baada ya kupata mtoto wa kwanza. Bibi aliyeitwa Mama Hamisi kwa miaka hamsini anaweza kuwa na jina lililobaki kichwani mwa mtu mmoja tu.

Usilitegemee jina la tatu likuongoze. Kwa mfumo wetu wa majina matatu, mtoto wa Juma Ally Mrisho ataitwa Hamisi Juma Ally, na mtoto wa huyo ataitwa Salum Hamisi Juma. Kizazi kimoja tu na Mrisho ametoweka. Ndugu wa baba mmoja wanaweza kutofautiana jina la mwisho kwa sababu mmoja aliandikishwa shule kwa jina la babu na mwingine kwa jina la ukoo. Kilimanjaro majina ya ukoo yamedumu zaidi, lakini huko taabu ni kinyume chake: akina Massawe, Mushi na Kimaro ni wengi mno, na jina bila kijiji halikufikishi popote. Kwa hiyo kila jina liandikwe na mahali pake.

Kwa nini wanawake kwanza? Mwulize mzee wa kiume habari za ukoo, atakutajia mstari: fulani alimzaa fulani, fulani alimzaa fulani, mpaka kwa aliyefika na upinde akitokea upande wa jua. Mstari huo una thamani yake, lakini ni wa wanaume watupu, na mara nyingi umenyooshwa. Mwulize dada yake, atakueleza nani alizaliwa wakati nani ananyonya, yupi alikufa kabla hajaota meno, nani alipelekwa kulelewa kwa mama mkubwa na hakurudi, na mke yupi wa babu aliondoka na mimba. Isitoshe, kwa Waluguru, Wamakonde, Wayao na Wamwera, ukoo wenyewe kwa asili hufuata upande wa mama. Anayeandika baba peke yao huko hajaandika ukoo.

Pwani tuna ushahidi mzuri wa jambo hili. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu themanini waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili na majirani zao, kati ya 1250 na 1800 hivi. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika na ilitoka hasa kwa kina mama, wakati asili ya Kiasia, ya Uajemi kwa sehemu kubwa, ilikuja hasa kwa upande wa baba. Masimulizi ya Washirazi yalikuwa na ukweli ndani yake. Yalimtunza baba aliyekuja na jahazi. Mama aliyekuwapo alitunzwa na mifupa.

Namna ya kuuliza nayo ina ufundi wake. Shangazi yangu mmoja wa Muheza, ukimwuliza alizaliwa mwaka gani, anakujibu, "Mwanangu, mimi sikusoma," na mazungumzo yamekwisha. Lakini anza na shikamoo, kaa naye akichambua mchicha, kisha mwulize vingine.

"Shangazi, vita ya Hitla ilipokwisha, ulikuwa umeanza kwenda kisimani?"

"Wapi! Nilikuwa nabebwa. Kisimani alikwenda dada, na mimi niko mgongoni mwake."

"Na ule mwaka wa unga wa yanga?"

"Wakati huo nina watoto watano, huyu wa tano bado namnyonyesha."

Kwa majibu mawili umeshajua kwamba alizaliwa mwaka 1943 au 1944 hivi, kwamba ana dada anayemzidi kwa miaka sita au zaidi, na kwamba mtoto wake wa tano ni wa katikati ya miaka ya 1970, ulipokuja unga huo wa njano. Kila sehemu ya nchi ina kalenda yake ya namna hii. Wagogo wana Mtunya, njaa kuu ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza. Kwingine kuna nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wamasai wana rika: ukiambiwa babu alikuwa wa Seuri au wa Makaa, umepewa kipindi cha miaka. Wote tuna Uhuru wa 1961, Operesheni Vijiji na Vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Tarehe za kwenye vyeti zichukue kwa tahadhari. Kizazi cha wazazi wetu kiliandikishwa shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa ili kushika sikio la upande wa pili. Aliyefikia aliingia darasani, na mwalimu akamkadiria mwaka. Wengine walipunguza umri ili wapate nafasi ya shule au ya kazi. Tarehe 1 Januari na 1 Julai, ukiziona kwenye kitambulisho cha mzee, jua ni za karani.

Uliza pia kwa makini nani ni nani. Mzee akisema "baba yangu", huenda anamsema baba mkubwa. Akisema "ndugu yangu", mwulize kama ni wa tumbo moja. Na usimlishe maneno. Ukisema, "Babu si alitoka Songea?" mzee mpole atakuitikia ili asikuvunje moyo, na kesho jibu lako mwenyewe litakuwa historia ya ukoo.

Hilo lilimpata mtu mashuhuri. Alex Haley, Mmarekani aliyeandika Roots mwaka 1976, alikwenda Gambia kumtafuta babu yake Kunta Kinte, na katika kijiji cha Juffure mzee mmoja akamsimulia habari zilizolingana na alizokuja nazo. Mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, mwandishi wa gazeti la Sunday Times la London, Mark Ottaway, alifuatilia na kuonesha kwamba mzee yule hakuwa msimulizi wa kurithi kama ilivyodaiwa, na kwamba wenyeji walikuwa wameshajua mgeni anataka kusikia nini. Kitabu kiliwagusa mamilioni na kuwafanya watu weusi wa Marekani waanze kuuliza asili yao. Kama ushahidi wa nasaba, kilipwaya. Dawa ya ugonjwa huo ni kuuliza jambo moja kwa wazee wawili walio mbalimbali, na kuandika majibu yote mawili yanapopingana.

Baada ya majina, uliza safari. Huku kwetu Tanga kuna familia chungu nzima ambazo ukizirudisha nyuma vizazi viwili zinakuacha kwenye kambi ya mkonge. Babu yangu mzaa mama alikuja hivyo, kama manamba. Mashamba yalikusanya watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Urundi na Msumbiji, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuajiri, SILABU. Mtu alipewa namba na kipande cha siku thelathini za kazi. Mkataba ulipokwisha wengine walirudi, wengine waliona mke au shamba na wakabaki, na kwao wakabaki kukumbukwa kama waliopotea. Ukikuta kwenye ukoo wako babu "aliyekwenda Tanga hakurudi", huenda wajukuu zake wanakunywa chai Korogwe leo hii, nao wanajiuliza wametoka wapi. Kisha kuna kuhama kwa pili. Novemba 1973 ilitoka amri kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Mamilioni walihamishwa, na makaburi yakabaki kwenye mahame. Mzee anayeweza kukuonesha mwembe uliopandwa karibu na kaburi la babu anatakiwa kupelekwa pale akiwa na nguvu za kutembea.

Hapo ndipo karatasi zinapoingia, na za kwanza zimo ndani ya nyumba. Fungua kurasa za mwisho za msahafu au Biblia ya babu. Wengi waliandika humo tarehe za kuzaliwa watoto. Tazama nyuma ya picha. Tafuta kadi ya TANU, vyeti vya ndoa, barua za zamani. Uliza karatasi ya majina ya marehemu inayosomwa kwenye khitma, au ile inayopelekwa parokiani kwa misa ya Novemba ya kuwaombea marehemu. Hiyo ni orodha ya ukoo ambayo imetunzwa bila kuitwa hivyo. Na kama palikuwa na mirathi mahakamani, hata Mahakama ya Mwanzo, kuna jalada lenye muhtasari wa kikao cha ukoo na majina ya warithi.

Kwa Wakristo, hatua inayofuata ni daftari la ubatizo. Mashirika ya kimisionari yaliingia mapema: Bagamoyo 1868, Masasi 1876, Peramiho 1898, na yalikuwa waandishi hodari. Kitabu cha parokia ya Kikatoliki cha enzi hizo kimeandikwa kwa Kilatini, lakini kisikutishe, kwa sababu mistari inafanana yote: namba, tarehe, jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, mahali, msimamizi, padri. Lisome jina la mama taratibu, maana mara nyingi ndilo jina lake la asili, halipo kwingine kokote. Kisha tazama pembeni. Kwa taratibu za Kanisa, ndoa na kipaimara huandikwa ubavuni mwa ubatizo, kwa hiyo mtu aliyebatizwa kijijini kwao na kuolewa mkoa mwingine anaweza kuwa na safari yake yote kwenye mstari mmoja. Nenda kwa adabu, ukiwa na jina na mwaka wa kukadiria. Katibu wa parokia hana siku nzima ya kukupekulia.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na zile za Zanzibar pale Kilimani, ni hazina, ila huwafaa zaidi wanaokwenda wakijua wanachotafuta. Majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza vinawataja watemi, maakida, majumbe, makarani, walimu na askari. Kama wako alikuwa mkulima wa kawaida, utasoma habari za kijiji chake usimwone yeye. Zanzibar kuna kumbukumbu za watumwa walioachwa huru baada ya amri ya 1897, na huko baadhi ya watu wadogo kabisa wameandikwa kwa majina.

Hapo tunafika penye mwiba. Utumwa ulikoma kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, ndani ya maisha ya watu ambao wazee wetu waliwaona kwa macho. Pwani na Tabora kuna milango ya ukoo iliyoingia kwa kununuliwa, na kuna nyumba zinazojua na kunyamaza. Kuna watoto wa nje. Kuna waliobadili jina kwa kukimbia kesi. Na juu ya yote kuna ardhi: mara tu unapoanza kuuliza nani ni mtoto wa nani, mtu atahesabu kwamba unatafuta shamba. Sema nia yako mapema na mbele ya watu wazima wote. Ya siri yaulizwe faragha, yaandikwe kwenye kaunta buku, na yasirushwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Siwaambii watu wafiche ukweli. Nasema ukweli unaomhusu mtu aliye hai ni wake kwanza, na kuutangaza ni uamuzi wake.

Kwa sababu hiyohiyo sina haraka na vipimo vya vinasaba. Kampuni za nje zina sampuli chache za Afrika Mashariki. Zitakwambia wewe ni wa "Afrika Mashariki", jambo ulilolijua kabla hujalipa. Zinaweza pia kukwambia kwamba ndugu yako si wa baba mmoja, na hilo hukuliomba. Data yenyewe haina ulinzi wa kudumu: 23andMe ya Marekani ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za watu karibu milioni saba zikafikiwa, na Machi 2025 ikaomba kinga ya kufilisika. Hapa nchini kuna Sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwenye shauri la kweli aende huko. Tovuti za nasaba kama FamilySearch, ambayo haitozi malipo, zinafaa kwa kupanga na kutunza ulichokwishakusanya. Kukusanya ni kwako.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti. Kikao cha ukoo, ambacho kwa wengi huitishwa kwa michango ya harusi, ugomvi wa mipaka na kuanua matanga, kiwe na ajenda moja ya kudumu: wasifu wa wazee. Kila mwaka wachaguliwe wawili watatu wakubwa zaidi. Kijana aketi nao, aandike, kisha wasifu usomwe mbele ya mwenyewe ameketi kwenye kiti chake, ili asahihishe miaka, aongeze watoto walioachwa, na akatae sifa za uongo. Nakala moja ibaki kwake, moja kwa katibu wa ukoo, moja kwa mtoto anayeishi mbali. Parokia na misikiti inaweza kusaidia kwa kuwaruhusu waumini kupiga picha kurasa zinazowahusu kabla mchwa hawajazifikia.

Usisubiri kikao kiitishwe. Kabla Jumamosi hii haijaisha, mpigie simu mwanamke mkubwa kuliko wote aliye hai katika ukoo wenu. Msalimie, mwulize hali, kisha mwulize mama yake aliitwa nani, alizaliwa kijiji gani, na alizaa wangapi, wakiwamo waliokufa. Andika atakachosema kama alivyokisema, na chini yake uandike tarehe ya leo.